Bi Mwatum na Bei ya Makaratasi

Siku hizi mtu akimaliza gazeti hulitupa kama ganda la ndizi, na ukimuuliza hukwambia, si karatasi tu. Haya, si karatasi tu! Laiti Bi Mwatum binti Simai wa Mwembetanga angekuwa hai akayasikia hayo, angekutukana kwa adabu mpaka ukamwomba radhi wewe na karatasi yako.

Kazi ya Bi Mwatum ilikuwa kununua makaratasi makongwe na kuyauza. Hakuwa na nyengine. Alizaliwa Makunduchi, akaolewa mjini, na mumewe alipofariki alimwachia chumba kimoja na ukumbi, na baiskeli ambayo mwanamke wa heshima wa zama zile hangeipanda. Akaiuza baiskeli, akanunua mizani ya mkono na kapu la ukili, akatoka na buibui lake kupiga hodi kwenye milango ya watu. Shangani na Vuga alinunua kwa wapishi wa Wazungu magazeti yaliyokwisha kusomwa. Kiponda akichukua daftari za maduka ya Wahindi zilizojaa, na makaratasi ya mawakili ambayo kesi zake zimeshakufa. Adhuhuri hurudi kwake, hutandika mkeka ukumbini, hukaa na kuchambua.

Msidhani karatasi haikuwa na soko. Kila kitu mji ule kilifungwa kwa karatasi: njugu, bizari, ubani, papa mkavu, sabuni ya kipande. Gazeti lilikuwa ndilo malkia, kwa sababu ukurasa wake mkubwa husokoteka ukubwa utakao. Bei ilipanda kila Ramadhani ikikaribia, ikapanda tena msimu wa karafuu, watu wanapokuwa na fedha na midomo haitulii. Ikashuka siku meli inapoteremsha bandarini marobota ya magazeti ya zamani kutoka Ulaya. Naam, kutoka Ulaya! Mzungu anunue, asome nusu, ayafunge robota, atuuzie sisi tufungie bizari. Na meli ile ikitia nanga, Bi Mwatum alijua kabla ya makuli kushuka kwamba wiki hiyo atakula muhogo bila ya kitoweo.

Lakini alikuwa na sharti moja, na sharti hilo ndilo lililompa jina. Karatasi yoyote yenye herufi za Kiarabu haiuzi. Haiuzi kwa ratli, haiuzi kwa frasila, hata ukimletea kasri. Kusoma hakujua, wala za Kiarabu wala za Kizungu, kwa hiyo kwake zote zilikuwa sawa: iwe aya, iwe gazeti la Misri, iwe mtu kaandika hesabu ya vitunguu. Watu wakimtania, "Bi Mwatum, hii ni bei ya vitunguu tu," naye huwajibu, "Herufi ni zilezile za msahafu. Kitunguu kimeziazima tu."

Huzitia karatasi hizo kwenye gunia safi, na gunia likijaa hupanda gari ya shamba hadi Mtoni, kwenye kiambo cha nduguye, akazizika mahali pasipokanyagwa na mtu wala mbuzi. Ndiyo maana mfanyabiashara aliyenunua karatasi ya Bi Mwatum hakuwa na haja ya kuigeuza kuitazama. Alisokota tu, akatia njugu. Na akimlipa senti moja mbili zaidi kuliko wengine, hakulalamika.

Mnunuzi wake alikuwa mmoja, Bwana Mabrouk wa Darajani. Mtu wa makamo, mjane, mrefu kama mnazi wa Kipemba, ana kibanda cha njugu, dengu na bisi. Karatasi alizozihitaji huziweka, zinazobaki huwagawia wauzaji wenziwe wa sokoni. Kila asubuhi Bi Mwatum hufika na mzigo wake, na kila asubuhi hugombana mpaka majirani huacha kazi zao wakasikiliza.

"Shilingi moja mzigo mzima," Mabrouk husema, hata hajautazama.

"Shilingi moja! Bwana Mabrouk, umeamka salama kweli? Hebu mwiteni dada yake amshike kichwa."

"Karatasi zenyewe zimekunjamana, kama zimelaliwa na paka."

"Afadhali paka. Wewe ukizilalia zitanuka bahili."

Huishia shilingi na senti thelathini, siku zote, na wote wawili wakijua kwamba itaishia hapo. Kuna jambo moja tu Bi Mwatum hakulielewa. Mabrouk hakufungua mzigo wake siku ileile hata mara moja. Aliuingiza ndani, akauacha ulale, kesho yake ndio akauza. Siku moja akamuuliza, "Karatasi zangu unazilalisha kwa nini? Zimechoka na safari?" Mabrouk akainama kukoroga njugu zake kwenye mchanga wa moto. "Karatasi mbichi hunitoa jasho mikononi," akasema. Bi Mwatum akacheka, akamwona mtu wa ajabu tu, basi.

Miaka ile Bi Mwatum alianza kulaumu vitu. Sindano za siku hizi, anasema, tundu zake wametia kwa choyo. Magazeti nayo wanachapa kwa wino wa maji, mistari yote kama vumbi. Mchele una mawe kuliko zamani. Kila kitu kimeharibika duniani isipokuwa macho yake. Na nani angemwambia? Mtu anayejua njia zote za Mji Mkongwe kwa miguu haonekani kama haoni.

Ukaingia mwaka wa hamsini na sita, na mwisho wake vita vikazuka Misri na Mfereji wa Suez ukafungwa. Wengi mjini walisikia wakatikisa vichwa, wakaendelea na kahawa zao. Bi Mwatum ndiye aliyefahamu kabla ya matajiri. Meli za Ulaya sasa zilizunguka bara zima kwa kusini, na hakuna nahodha atakayebeba magazeti ya zamani wakati nafasi haitoshi hata kwa nguo na unga. Marobota yakakatika. Karatasi iliyokuwa senti kumi ratli ikawa kumi na tano, ikawa ishirini na tano, na huku Ramadhani inakuja. Ilipofika senti arubaini watu walianza kuiba kalenda ukutani.

Hapo ndipo alipomjia Gharib wa Malindi, kijana mwenye duka kubwa la papa na ng'onda na samaki wengine wakavu. Alikuja mwenyewe mpaka Mwembetanga, akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Leo papa wamekosa wanunuzi umekuja kunitafuta mimi?"

"Papa wapo, karatasi ndiyo hakuna. Nnakupa senti khamsini kwa ratli, kila siku, mzigo wote. Karatasi yako najua sina haja ya kuitazama."

Senti khamsini! Bi Mwatum hakulala vizuri. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na yeye methali hiyo aliijua tangu utotoni. Lakini paa la ukumbi wake lilikuwa likivuja juu ya mkeka wake wa kazi, masika yanakaribia, na Mabrouk kwa muda wote ule wa bei kupanda alikuwa akimwongeza senti kwa kubishana kama anang'olewa jino. Mimi simlaumu. Anayemlaumu na akeshe yeye chini ya makuti yanayovuja.

Asubuhi akaenda Darajani mikono mitupu, akamwambia. Mabrouk akaacha kukoroga, njugu zikaanza kuungua.

"Muuzie umtakaye, Bi Mwatum. Biashara haigombi. Lakini nakuomba jambo moja. Mzigo upitishie kwangu kwanza, ulale usiku mmoja, kesho umpelekee."

"Ulale kwako kwa nini? Ili upungue?"

Neno hilo lilikuwa baya, na alipolitoa tu alilijutia, lakini lilikwishatoka. Mabrouk akaanza kuziokota njugu zilizoungua. Bi Mwatum akageuka akaenda zake, na njia nzima akatamani amsikie nyuma yake akiita bei.

Siku ya pili yake mji ukapata la kuchekea. Mabrouk alikwenda Malindi, muuza njugu yule, akasimama mbele ya duka la Gharib akataka kununua karatasi za Bi Mwatum zote kwa senti sitini ratli! Gharib akadhani ana mnunuzi mkubwa amemficha, akakataa. Akapanda sitini na tano, Gharib akazidi kukataa. Wachukuzi wakamzomea. "Mzee Mabrouk, njugu zako unazifunga kwa hariri?" Habari zikamfika Bi Mwatum kabla ya alasiri, nazo zikamchoma. Kumbe fedha anazo! Kumbe miaka yote alikuwa akinipunja, na sasa anataka kunikatia riziki. Akalia kwa hasira, akaapa hatapita tena Darajani.

Haukupita muda, balaa likashuka.

Bi Khamisa wa Malindi, mama mtu mzima anayejulikana kwa ibada zake, alinunua papa kwa Gharib. Akafika nyumbani, akafungua. Karatasi iliyomfunga papa ilikuwa ukurasa wa juzuu, wenye Bismillahi juu na sura nzima chini yake, umelowa mafuta ya papa.

Bi Khamisa hakupiga kelele. Aliufuta ukurasa kwa kanga yake, akauweka juu ya kichwa chake kama inavyowekwa kitu cha heshima, akatoka njiani hivyo mpaka dukani kwa Gharib huku machozi yanamtiririka. Kila aliyemwona alisimama. Na kila aliyeuliza alijibiwa maneno matatu: karatasi ya Mwatum.

Lahaula! Watu wa mji huu, Mungu awape la kufanya. Mwanamke amewatunzia herufi zao umri mzima, anazizika kwa nauli yake, wasimwambie ahsante hata siku moja. Leo ukurasa mmoja umeponyoka, tayari wanasema ameuza dini kwa senti khamsini. Gharib alimrudishia mzigo wake kwa mchukuzi, hakuja mwenyewe. Wapishi wa Shangani wakamwambia kwa mlango wa nyuma kwamba basi. Msikitini wakanong'ona, visimani wakasema wazi. Na Bi Mwatum, lililomuumiza si soko. Alijiona amemkosea Mola wake. Kila akikaa kwenye mkeka, hakuthubutu kugusa karatasi. Ikiwa hili limemponyoka, maisha yake yote yalikuwa uwongo.

Akajikaza, akaenda kwa Bi Khamisa kuomba radhi. Bi Khamisa alimpokea, maana ni mtu wa dini kweli, si wa maneno. Akautoa ule ukurasa, ameshaukausha.

"Sikutukani, Mwatum. Nataka unifahamishe tu. Ulipitaje mikononi mwako? Utazame, hizi ni herufi za mtoto wa chuo cha Kurani, kila moja kubwa kama ukucha!"

Bi Mwatum akaupokea. Akautazama. Akausogeza dirishani, kwenye jua lenyewe, akautazama tena. Aliona weupe, na juu ya weupe vumbi. Vumbi lilelile la magazeti, lilelile la mchele. Akapitisha kidole, akijua kwamba chini ya kidole chake kuna jina la Mungu, na halioni.

"Bi Khamisa," akasema taratibu, "mimi sioni."

"Tangu lini?"

Akafikiri. Sindano. Mchele. Miaka miwili, pengine zaidi. Na palepale swali jengine likamgonga kifuani. Ikiwa miaka miwili alikuwa hachambui kitu, anapapasa tu, mbona ukurasa haukuponyoka hata mmoja? Ni nani aliyekuwa akizitoa?

Hakuaga vizuri. Alikwenda Darajani kwa miguu inayojua njia.

Mabrouk hakuwapo. Alikuwapo dada yake mkubwa, Bi Shemsa, mwanamke ambaye ulimi wake ukitaka kuuepuka uhame kisiwa. Alipomwona Bi Mwatum akashika kiuno.

"Umekuja! Nilijua utakuja. Umekuja kumpima kama amepungua?"

"Bi Shemsa, nimekuja kuuliza. Karatasi zangu alikuwa akizilalisha kwa nini?"

"Aa, leo unauliza! Muulize alfajiri. Watu wakisali wakarudi kulala, yeye akisali hukaa na mzigo wako, ukurasa mmoja mmoja, na miwani ya marehemu baba, mpaka jua linachomoza. Mimi nikimwambia, kaka mtu mzima wewe, mwambie mwanamke haoni akapumzike. Hunambia, 'Shemsa, nikimwambia nimemvua jina lake.' Jina lako! Na mgongo wake?" Akaingia ndani, akaburura gunia, akalitua mbele ya miguu ya Bi Mwatum. "Haya. Vyako hivi. Hakuvizika. Anasema thawabu zake ni zako, utazika mwenyewe siku utakapojua."

Bi Mwatum akachuchumaa, akatia mkono. Makaratasi yamejaa mpaka mdomo, yamepangwa, yamenyooshwa mikunjo. Kila moja alikuwa ameliuza, na kila moja Mabrouk alilinunua kwa ratli kama mengine, akaliweka kando. Na yeye huku nje akimwita bahili mbele za watu! Akalia palepale sokoni, hakujali nani anamwona.

Mabrouk akatokea na kikapu cha njugu begani. Alipoliona gunia akaelewa, akamtazama dada yake kwa ghadhabu, kisha akaweka kikapu chini.

"Ulikwenda Malindi kununua kwa senti sitini," Bi Mwatum akasema.

"Ilikuwa ni lazima zinipitie."

"Wakakuzomea."

"Kuzomewa hakuui."

"Na kubishana kule kote, Bwana Mabrouk? Umekaa alfajiri nzima unanifichia aibu yangu, kisha asubuhi unanipigania senti tano!"

Mabrouk akajikuna kichwa, akatahayari kama kijana. "Ningekupa bila ya kubishana ungejua kuna kitu. Halafu..." akaziinamia njugu zake, "kubishana na wewe nilikuwa nakupenda."

Bi Shemsa akarudi ndani taratibu, akawaachia gunia lao.

Kesho yake mkeka wa Bi Mwatum ulitandikwa Darajani, nje ya kibanda, hadharani. Akakaa na mzigo wake aliorudishiwa, Mabrouk akakaa mkabala naye na miwani. Bi Mwatum huinua ukurasa, Mabrouk huutazama akasema "huu" au "si huu," na kila "huu" Bi Mwatum huutia gunia la pili mbele ya macho ya watu. Waliopita wakiuliza, hujibu kwa sauti yake ileile kubwa: "Macho yangu yamekufa, wanangu. Yalikufa zamani, mimi ndiye niliyechelewa kusikia." Hakuficha kitu. Bi Khamisa alikuja, akakaa naye mkekani asubuhi nzima, na hilo likatosha. Wapishi wa Shangani wakaanza kuita tena. Magunia mawili wakayapeleka Mtoni kwa gari ya shamba, na Bi Mwatum akayazika kwa mikono yake, Mabrouk akishika jembe.

Ramadhani iliingia, na Suez ikafunguliwa mwezi uleule. Marobota yakarudi, ratli ikaanguka mpaka senti nane, na Gharib akabaki na ghala la karatasi za bei ya dhahabu. Alikuja siku ya Idi kumpa Bi Mwatum mkono na kumwomba radhi, naye akamsamehe, akamwuliza tu kama papa wake sasa wanavaa vizuri.

Mfungo mosi, mwezi uleule wa Idi, Bi Shemsa akavuka kwenda Mwembetanga, amejifunga kanga mpya, kaleta posa ya kaka yake. Bi Mwatum alimsikiliza mpaka mwisho. Moyoni alikuwa na jambo lililomkera siku nyingi, na hakumwambia mtu: je, mtu huyu ananitaka, au ananionea huruma?

"Mwambie nimesikia," akasema. "Mahari yangu shilingi mia, na sharti juu yake. Kuchambua anichambulie mbele yangu, si nyuma yangu."

Bi Shemsa akaenda. Alirudi jua linapopinda, uso kaufunika kwa aibu, akakaa ukingoni mwa kitanda bila ya kukaribishwa.

"Sharti amelikubali," akasema. "Lakini, Mwatum, nisamehe, mimi sikumtuma. Hilo la mahari... anasema mwanamke mwenyewe amekunjamana, atatoa shilingi arubaini."

Bi Mwatum akajishika mbavu. Alicheka mpaka yale macho yasiyoona yakamwaga machozi, akacheka mpaka Bi Shemsa naye akashindwa kujizuia, ijapokuwa hakujua wanacheka nini.

"Rudi," akasema alipopata pumzi, akijifuta kwa ncha ya kanga. "Mwambie tisiini na tano, na yeye amshukuru Mungu."